Uzi Niliomfunga Bwana Haslam

London, Mei 4, 1889

Daftari hili nimepewa na Bwana Pringle, wakala aliyetutoa mjini kwetu Amritsar, niandike humo kiasi cha sufu tunachotumia kila siku. Sufu naiweka kichwani na sijawahi kukosea. Humu nitaandika yangu.

Tumefika watatu, wazima. Mimi Ramzan Joo, msomaji wa talimu. Ustadh Khazir Joo, ami yangu na baba wa mke wangu Zeba, mwenye nakshi. Na Nabir Dar, mfumaji, ambaye mikono yake ina kasi na mdomo wake una kasi zaidi. Kazi yetu ni kukaa juu ya jukwaa la mbao kwenye Maonyesho, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, tukifuma zulia moja huku Waingereza wakitutazama. Katikati yetu na wao kuna kamba. Mwezi wa kumi tutarudishwa kwetu.

Zulia lenyewe ni Bustani ya Bibi. Babu yake Ustadh ndiye aliyeibuni, na ndiyo inayolisha vitanda tisa vya kufumia vya karakana yetu. Talimu yake, yaani yale makaratasi marefu yenye alama za kila fundo na rangi yake, haijawahi kutoka nje ya nyumba. Ustadh hakutaka kuileta. Mafundi wenzake wakamsihi: wenye maduka makubwa ya London wakiiona kwa macho yao, vitanda tisa vitakuwa na kazi miaka kumi. Akakubali, akaifunga tumboni safari nzima, hata bahari ilipochafuka na sisi wengine tukitapika.

Wanaojua kuisoma ni wawili tu. Ustadh, ambaye macho yameingia ukungu na haoni tena herufi, na mimi.

Mei 5

Mvua.

Mei 10

Ramadhani imetukuta tukishuka melini, na jua la hapa halijui kutua. Tunafuturu karibu saa mbili, midomo imekauka, mimi zaidi kwa sababu kazi yangu ni kuimba. Nakaa pembeni na talimu, naita: mbili nyekundu, moja kijani, tano buluu. Wao wanafunga mafundo na kuitikia. Sufu za Ustadh zimetundikwa kwa mpangilio wake na mkono wake unazijua, haoni na hakosei.

Leo bwana mmoja mnene ametutupia biskuti. Imemwangukia Ustadh mapajani. Akaipapasa, akauliza, "Nini hiki?"

"Biskuti, Ami."

"Nani kaniletea?"

Nikamwambia imeletwa na mtu mwema asiyejua kwamba tumefunga. Akaiweka pembeni kwa heshima, ale jioni. Yule bwana alikasirika kwa kuwa hatukula akiwa anatazama.

Kisha bibi mwenye kofia ya manyoya akamdunga Nabir mbavuni kwa ncha ya mwavuli, nadhani ajue kama ni mtu au sanamu. Nabir hakugeuka. Akasema kwa Kikashmiri, lugha yetu ya nyumbani, bila kuacha kufunga, "Mama, ukinidunga tena itabidi unioe."

"Anasema nini?" bibi akaniuliza.

"Anasema karibu sana."

Mei 15

Wamenishangaza kwa jambo moja: wanapanga foleni. Kununua, kukojoa, kututazama sisi, wanasimama mmoja nyuma ya mwenzake, kimya. Wakikukanyaga wanaomba radhi kabla hujasikia maumivu. Wakikukodolea macho nusu saa nzima hawaombi radhi yoyote. Adabu yao yote iko miguuni, machoni haijafika.

Maswali yao ni matatu. Una wake wangapi. Unaonaje hali ya hewa. Je, hii ngozi inatoka ukioga. Kiingereza changu nilikipata dukani kwa msafirishaji wa mazulia Amritsar, na kule hakuna aliyeniuliza kuhusu kuoga.

Mei 16

Mvua. Safu ishirini na mbili.

Mei 21

Leo limekuja swali la nne.

Kijana wa miaka thelathini hivi, kofia ndefu, ndevu nyekundu. Alisimama toka mchana mpaka saa kumi bila kusema neno. Kisha akainama kwenye kamba akaniambia, "Samahani, bwana. Unapotaja neno lile la mwisho, mikono yao wote wawili inarudi nyuma kabla hujalimaliza. Wamejuaje?"

Niliacha kuimba. Kwa wiki tatu watu elfu wametupita na hakuna aliyeona kwamba kuna neno la mwisho. Nikamweleza kwamba lile si rangi, ni ishara ya kurudisha ua upande wa pili. Akaomba ruhusa ya kupanda jukwaani. Na kabla hajakanyaga mkeka, akavua viatu. Hakuna aliyemwambia.

Jina lake Edwin Haslam.

Mei 31

Idi. Bwana Pringle hakutupa mapumziko, anasema watu wamelipa kiingilio. Tumeswali kwenye chumba tulichopanga, nyuma ya kiti chenye mguu uliovunjika, kisha tukaenda kupanda jukwaani na nguo zetu mpya, na watazamaji wakafurahi wakidhani tumevaa kwa ajili yao.

Haslam alikuja na kasha la tende. Sijui alizipata wapi. Akatupa mkono mmoja mmoja akisema "Idi njema" kwa matamshi ya kuchekesha.

Ustadh alikula moja, akatema kokwa. "Huyu kajuaje Idi?"

"Ameuliza, Ami. Ni mtu wa kuuliza."

"Basi na wewe mwulize anataka nini."

Nilimwuliza. Hakuficha hata kidogo. Baba yake amemwachia kiwanda cha mazulia kaskazini, mashine za mvuke, mia na ushee. Akasema mazulia yake ni mabaya, anayaonea haya, maua yake yanafanana na kabichi. Anataka kuelewa kazi ya kweli inafanywaje kabla hajazeeka. Nikamhurumia. Mtu ana kiwanda kizima na hana nakshi hata moja ya kujivunia.

Juni 3

Mvua.

Juni 9

Jumapili. Nimealikwa kwa Haslam, nyumba ya dada yake, na nimerudi kichwa kimevimba, nakiri.

Alinivutia kiti. Mtumishi wao mzungu, mwanamke wa makamo, alinimiminia chai. Dada yake alipiga kinanda, na walinisikiliza nilipozungumza, wakasubiri nimalize sentensi. "Mister Joo anaonaje?" "Mister Joo angependa sukari?" Amritsar kuna wazungu ambao nimewaandikia barua miaka saba na hawajui kama nina jina.

Njiani kurudi nilimwona mwanamke wao mwingine, miguu mitupu kwenye tope, anauza viberiti. Sikujua kwamba wana maskini. Watu wote walimpita kama wanavyotupita sisi, ila yeye hakuwa na kamba.

Nabir alinipokea mlangoni ameinama mpaka sakafuni. "Mista Joo! Kiti hiki kitakutosha, au nikutafutie cha velveti?"

"Nyamaza."

"Nimenyamaza, Mista Joo. Ami, Mista Joo kasema tunyamaze."

Ustadh hakucheka. Aliniuliza tu kama nyama waliyonipa niliila. Nikamwambia nilikula mayai.

Juni 17

Haslam ameomba nimfundishe kusoma talimu.

Kwetu jambo hili lina njia yake. Mwanagenzi anakuja na sukari ya mawe na uzi mwekundu. Fundi anamfunga uzi mkononi mbele ya shahidi, wanakula ile sukari pamoja, na mwanagenzi anaapa: nakshi ya fundi hataifuma, hataifundisha, hataiuza mpaka aruhusiwe kwa mdomo. Akivunja, baraza la mafundi linamtoa. Haamkiwi. Hauziwi sufu. Akifa, mafundi hawabebi jeneza lake. Katika umri wangu wote nimesikia habari za aliyevunja mmoja tu, naye alihamia Lahore akaishia kuuza maji.

Nilimpelekea Ustadh ombi hilo kwa kuzungukazunguka. Hakupenda mizunguko.

"Kusoma talimu si kusoma gazeti, Ramzan."

"Atafungwa uzi, Ami. Ni muungwana. Umemwona anavyovua viatu."

"Sijamwona. Nimesikia. Na akiuvunja uzi hapa, nani atakataa kumwamkia? Nani atamnyima sufu, mtu mwenye kiwanda? Baraza liko Amritsar. Na mwanagenzi asipopatikana, anayejibu ni aliyemfunga. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi jibu umepata."

Juni 18

Mvua. Nimeimba vibaya, Nabir kafungua mafundo arobaini kwa sababu yangu.

Juni 20

Nafikiri Ustadh amezeeka. Anaogopa kila kitu kisichokuwa na harufu ya karakana. Mimi nilishafungwa mshipi wa ufundi miaka sita iliyopita, kwa mkono wake mwenyewe, na fundi aliyefungwa mshipi ana haki ya kuwa na mwanagenzi. Sitakuwa nimevunja sheria yoyote. Tena kama mashine zile zingeweza kufuma Bustani ya Bibi, si wangeshafuma? Lile fundo letu linataka kidole.

Na kuna hili, niliandike kwa kuwa hakuna atakayelisoma: nataka kuwa na mwanagenzi Mwingereza. Nataka niwaambie kule kwetu kwamba mtu mwenye kofia ndefu alikaa chini mbele yangu.

Juni 23

Nimemfunga.

Ilikuwa kwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba tuliyopanga, Ustadh akiwa amelala mchana. Haslam alileta sukari ya vipande, ile ya mraba ya chai, kwa kuwa ya mawe hakuipata. Nilimweleza kila neno la kiapo mara mbili, kwa Kiingereza, polepole. Akarudia kila neno. Macho yalimlegea, akasema hajawahi kufanyiwa jambo zuri namna hii tangu azaliwe. Nikamfunga uzi. Tukala sukari.

Shahidi alikuwa Nabir, niliyemvuta kwa nguvu.

"Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona. Lakini masikio yangu leo yamejaa maji ya mvua, sikusikia kitu."

Julai 2

Mwanagenzi wangu ana akili ya ajabu. Alama sitini kazishika kwa siku tisa, mimi zilinichukua majira mawili ya baridi na makofi mengi ya Ustadh. Anaandika kwenye daftari lenye miraba midogo, kila fundo mraba wake, na anapaka rangi.

Anakaa nyuma ya jukwaa ninapoimba, anaitikia kwa sauti ya chini pamoja na wafumaji.

Julai 9

Safu mia mbili na kumi. Watazamaji wengi, joto, bibi mmoja kazimia.

Julai 14

Nimekwenda naye kuona mto na daraja. Nilimwuliza kwa nini wazee wao wanakaa peke yao. Mwenye nyumba yetu ana mama yake mtaa wa pili na humwona Krismasi tu. Akafikiri, akasema, "Sijui, Mister Joo. Sijawahi kufikiri." Nampendea hilo, akiwa hajui anasema hajui.

Julai 28

Tumemaliza talimu yote, kuanzia pindo mpaka ua la kati. Daftari lake limejaa. Alinishika mikono yote miwili.

Agosti 7

Idi ya kuchinja, na hatukuchinja. Ustadh anakohoa tangu juzi. Bwana Pringle anasema ni vumbi la sufu, mimi nasema ni ule unyevu unaoshuka ukutani. Haslam hakuja wala hakutuma salamu.

Agosti 8

Mvua.

Agosti 9

Mvua.

Agosti 19

Barua kutoka kwa Haslam, mistari minne. Yuko kaskazini, shughuli zimemzidi, atakuja. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili mistari minne.

Nabir: "Mista Joo ana barua ya mapenzi."

Nimemtukana, halafu nikaona haya mbele ya Ustadh.

Septemba 1

Hajaja.

Septemba 11

Bwana Pringle anasema kuna duka kubwa linataka mazulia sitini ya Bustani ya Bibi, hati itatiwa saini karibuni. Ustadh alipoambiwa aliinua mikono akashukuru, na usoni akawa kijana. Mazulia sitini ni vitanda tisa kwa miaka mitatu. Ameanza kupanga nani akae kitanda kipi. Ameniambia nikirudi nitakuwa mkuu wa karakana, yeye akae kivulini na wajukuu. Zeba na mimi tuna mmoja tu, akasema ongezeni.

Sijalala vizuri kwa furaha.

Septemba 20

Mvua. Zimebaki safu sitini.

Oktoba 2

Niandike kwa utaratibu, la sivyo nitaruka.

Mchana alikuja mama mmoja na mumewe, watu wa kawaida, si matajiri, yeye amebeba kikapu. Alitazama zulia, akapiga makofi. "Tazama, Albert! Ni lile la kwetu! Lile la kwenye ukumbi!"

Nilitabasamu, nikidhani anasema linafanana. Wanasema hivyo mara nyingi, kila zulia kwao linafanana na zulia. Lakini alinyoosha kidole. "Hata kile kindege kimegeuza kichwa, uliona? Na yale majani matatu."

Kindege kinachogeuza kichwa kiko kwenye Bustani ya Bibi peke yake. Babu wa Ustadh alikiweka kwa ajili ya mkewe. Nikamwuliza, kwa upole niliojilazimisha, amelinunua wapi. Akanitajia duka na mtaa, akaniambia niende upesi kwa sababu yanakwisha.

Niliendelea kuimba mpaka saa kumi na mbili. Sijui niliimba nini. Ustadh aliniuliza kama naumwa.

Oktoba 3

Nilimwambia Pringle jino linaniuma. Nikaenda.

Liko dirishani. Si zulia, ni gombo, linakatwa kwa yadi kama kitambaa cha mashuka. Rangi zetu kumi na saba zimekuwa sita. Pale palipokatwa, kindege kimegawanywa, kichwa kimebaki dukani na mkia umeuzwa. Lakini ni yenyewe. Mstari kwa mstari, fundo kwa fundo, kila ua mahali nilipolitaja kwa mdomo wangu. Mlangoni wametandika kipande watu wapangusie viatu, kwa ajili ya mvua.

Nilisimama nje mpaka muuzaji akatoka kuniuliza kama nimepotea.

Oktoba 4

Pringle ametuambia lile duka kubwa limejitoa. Wanasema nakshi hii sasa iko kila mahali, kwa bei ya chini, hakuna atakayenunua ya mkono. Alisema kwa Kiingereza mbele ya Ustadh, kisha akaniambia nitafsiri.

Nikatafsiri: wanasema tusubiri kidogo.

Oktoba 5

Amekuja. Kofia ndefu, uso unang'aa, mkononi kifurushi chenye utepe.

"Mister Joo! Umeliona? Niambie umeliona!"

Nilimvuta nyuma ya jukwaa. "Uliapa," nikamwambia.

"Niliapa nini?"

"Hutaifuma. Hutaiuza."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hilo naliandika kwa haki yake. Nilitafuta wizi usoni mwake na haukuwepo. "Lakini, rafiki yangu, mimi sijafuma. Hakuna mkono uliofuma. Mashine imefuma. Na lile," akashika kifundo cha mkono wake, ambako hakukuwa na kitu, "lile lilikuwa jambo zuri kupita yote, nawasimulia watu kila karamu. Nikafikiri ile ni njia yenu ya kunikaribisha."

"Kilikuwa kiapo."

"Ndiyo, ndiyo. Kiapo cha urafiki." Akanipa kifurushi. Kipande cha gombo lile, kimepindwa kingo, zawadi kwa mke wangu. "Fikiria, Mister Joo. Nyumba elfu za watu wa kawaida, watu ambao wasingeweza kununua hata pindo la zulia lenu, leo wana Bustani ya Bibi ukumbini. Ingekuwa fahari yangu kama ningekuwa wewe."

Nikataka kumwambia habari za vitanda tisa. Nikataka kumwambia baraza ni nini, na jeneza lisilobebwa. Maneno ya Kiingereza niliyokuwa nayo yalikuwa ya dukani na ya chai. Nikasema, "Ustadh wangu ni mzee."

"Mpe salamu zangu za dhati." Akanyoosha mkono.

Nikamshika. Mvunja uzi haamkiwi, nimelijua hilo tangu sijaota meno, na mkono wangu ulitoka wenyewe, kwa adabu, ukamshika mkono na kuutikisa. Hilo linaniuma kuliko gombo. Kisha akaenda kutazama mashine za kupura ngano.

Oktoba 6

Jumapili. Nimemwambia Ustadh. Nabir alitoka nje bila kuambiwa.

Nilimwekea kile kipande mapajani. Alikipapasa kwa vidole kumi, polepole, kutoka pindo kwenda juu. Alipofika kwenye kindege akasimama.

"Hakina mafundo," akasema.

"Ni cha mashine, Ami."

"Kina kila kitu isipokuwa mafundo." Akaendelea kupapasa. "Ulimfunga mwezi wa sita."

Nilishtuka. "Nabir kakwambia?"

"Macho yangu ndiyo yamekufa, Ramzan, masikio mazima. Kila siku watu watatu wanaimba na kuitikia. Siku moja wakawa wanne. Nilidhani sitaijua sauti ya mgeni ndani ya talimu ya babu yangu?"

"Mbona hukunizuia?"

"Nilikuzuia. Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa sasa." Akakohoa kwa muda mrefu, nikampa maji, akayapokea. "Baada ya hapo nikasubiri uje uniambie. Nilisema, mtoto huyu nimemlea, atakuja kesho. Ungekuja, ningemwita yule bwana mimi mwenyewe, ningemnyang'anya daftari hata kwa meno. Julai yote nilisubiri. Agosti nikajua umekwisha kumpa."

Nililia. Sikulia kwa heshima, nililia kwa sauti, na mwenye nyumba akagonga ukuta. Ami hakuniwekea mkono kichwani kama alivyozoea. Nilitamani anipige.

"Namchukia," nikasema.

"Yule? Yule hajui alilofanya, tena ametuma salamu. Yule muache." Akakunja kile kipande mara mbili, akanirudishia. "Wewe ulijua."

Oktoba 7

Zimebaki safu ishirini. Ustadh amefuma kutwa. Sauti yangu imekauka na hakuna mfungo.

Oktoba 11

Zulia limekatwa kitandani leo mchana. Watazamaji wamepiga makofi. Bwana mmoja alituhutubia kuhusu subira ya watu wa Mashariki, tukasimama na mikono mbele.

Oktoba 12

Asubuhi Ustadh aliniambia nichukue kalamu. Nabir hajui kusoma wala kuandika, na yeye haoni. Ni mimi tu.

Alitaja, nami nikaandika:

"Kwa baraza la mafundi, Amritsar. Mimi Khazir Joo nawajulisha kwamba Ramzan Joo, mtoto wa ndugu yangu na mume wa binti yangu, alimfunga uzi mtu asiyefikiwa na baraza, na mtu yule ameuza Bustani ya Bibi. Mwanagenzi hapatikani, kwa hiyo anajibu fundi. Naomba atolewe. Mshipi niliomfunga nimeufungua. Asiguse talimu ya nyumba yoyote. Vitanda tisa visimamishwe, watu watafutiwe kazi kwingine kabla ya baridi. Binti yangu Zeba aulizwe mbele ya wanawake watatu kama anataka kubaki na mtu huyu, na akisema hataki, mtoto na vyombo vyake virudi nyumbani kwangu."

Mvua ilikuwa inagonga dirisha. Ningeweza kuandika chochote. Ningeweza kuandika hatujambo, zulia limependwa, Ustadh anakohoa kidogo. Alikuwa amekaa na uso umeelekea ukutani, na hakuna binadamu katika London nzima ambaye angejua. Nadhani alilijua hilo, ndiyo maana hakunihimiza. Nikaandika la wanawake watatu jinsi alivyolisema, bila kupunguza.

"Umeandika yote?"

"Nimeandika, Ustadh."

Hakunisahihisha kwa kuwa sikumwita Ami.

"Isome."

Nikaisoma. Aliitikia kwa kichwa mwisho wa kila mstari, kisha akapapasa karatasi, nikamwongoza kidole, akaweka muhuri.

Nimeipeleka posta mwenyewe. Nilisimama kwenye foleni, watu sita mbele yangu, na bwana aliyenikanyaga akaomba radhi. Karani akaniambia meli ya barua inaondoka kesho. Yetu inaondoka baada ya siku kumi na mbili, nayo ni ya mizigo, inakwenda polepole. Nikifika Amritsar, Zeba atakuwa ameshaulizwa.